Hermelinda Zurita na Kitabu cha Huduma

"Sasa wewe Linda, ukienda huko bungeni, nani atatusagia mahindi?"

Aliyeuliza ni Doña Encarnación, jirani ambaye nyumba yake na ya Hermelinda zinagawana ukuta mmoja. Ilikuwa asubuhi, tuko kwenye foleni ya mashine, kila mtu na ndoo yake ya mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa. Wanawake wakacheka. Hermelinda hakucheka. Alizima mashine, akajifuta mikono kwenye aproni, akamwambia Encarnación kwa jina lake la utani, "Chona, nimekusagia miaka kumi na minne. Hujawahi kuniuliza mimi nani ananisagia." Akaiwasha tena, na kelele zikameza maneno mengine yote.

Aliyesaga baada yake ni mimi. Naitwa Nazaria. Hermelinda ndiye aliyenibeba siku ya ubatizo wangu, kwa hiyo kwangu ni mama, na kama nimempendelea mahali Mungu anisamehe. Lakini haya niliyoyaandika wengi mlikuwepo, mnaweza kunisahihisha.

Kwetu San Mateo Peñablanca mtu huhesabiwa kwa huduma. Mwanamume akishaoa, kijiji kinamwita, na akiitwa anaitika, hakuna mshahara. Ataanza na zamu ya uaskari wa kijiji, ataendelea hadi amalize huduma tano. Kila akimaliza moja anaandikwa kwenye kitabu, na kitabu kinakaa kwenye sanduku la mwerezi ndani ya ofisi ya kijiji. Aliyemaliza zote tano anakaa benchi la mbele kwenye mkutano, na akizungumza watu wananyamaza. Asiye na kitu kitabuni anasimama nyuma, anasikiliza. Na nyumba ikikataa wito, inakatiwa maji na shamba linapewa wengine.

Abundio Luna, mume wa Hermelinda, aliondoka mwaka wa pili wa ndoa kwenda Kaskazini kuchuma nyanya. Alisema misimu miwili. Alikaa miaka ishirini na miwili. Barua zilikuja Krismasi, baadaye akawa anapiga simu ya dukani mara chache kwa mwaka, waliopanga foleni wote wakisikiliza. Yeye aliondoka, lakini jina lake lilibaki kijijini, na kijiji kikaendelea kuliita.

Mara ya kwanza kuitwa, karani alikuwa Don Fidencio Arizmendi, kijana bado wakati huo, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote milimani huku.

"Luna, Abundio."

"Yupo," akajibu Hermelinda kutoka nyuma.

Wanaume wakageuka. Mmoja akasema, "Yupo wapi, Doña Linda? Ndani ya shali?"

"Yupo miguuni mwangu. Si miguu ndiyo mnayoitaka?"

Walicheka, wakampa fimbo ya uaskari. Mwaka mzima alizunguka nayo, akiita watu kwenye kazi za pamoja, akitenganisha walevi sokoni, akipeleka barua za mwenyekiti vijiji vya jirani kwa miguu. Mwisho wa mwaka kitabu kikafunguliwa. Don Fidencio akaandika: Abundio Luna, askari wa kijiji, ametimiza.

Ikaja kamati ya shule. Abundio Luna, ametimiza. Ikaja ya maji, na hiyo ndiyo iliyomvunja magoti, maana mlinzi wa maji anapanda hadi chemchemi kila Jumamosi kusafisha tangi. Mwaka ule ndio mlima uliporomoka baada ya mvua za Septemba. Hermelinda alikaa huko juu siku nne na koleo, na wanawake wachache tukimpelekea chakula, akichimba bomba litokeze. Mimi nilikuwa na ujauzito wa kwanza, sikupanda, ila nilimwona aliposhuka, kucha hana. Abundio Luna, ametimiza.

Halafu sikukuu ya Mtakatifu Mateo. Mnajua wenyewe maana ya kuisimamia: siku tatu kulisha kijiji kizima na wageni, fahali wawili, mchuzi wa pilipili na kakao wa kusaga kwa mkono kwa sababu mashine inaharibu ladha, mishumaa, fataki, bendi. Aliuza cherehani yake. Padri alipowashukuru wasimamizi madhabahuni alisema tumshukuru ndugu yetu Abundio, ambaye ingawa yuko mbali hakumsahau mtakatifu wake. Nilimtazama mama yangu. Alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesali. Nikadhani anasali. Baadaye akaniambia, "Nilikuwa nahesabu hadi mia, Nazaria, nisije nikajibu kanisani."

Baada ya huduma ya tano, ile ya kutunza kanisa, alimwendea Don Fidencio ofisini. Nilikuwa nimemsindikiza.

"Don Fidencio, sikuombi ufute. Andika tu na langu hapo pembeni."

Alimwonyesha ukurasa, kwa upole kabisa. "Tazama mwenyewe, Doña Linda. Kitabu hakina pembeni."

Ikawa hivyo. Sasa nieleze habari ya bunge.

Mwaka wa uchaguzi vyama vyote vya jimbo viliambiwa viweke wanawake kwenye orodha za wagombea. Chama kimoja hakikuwa na mwanamke yeyote huku milimani, na wala hakikuwa na haja, kwa sababu katika wilaya yetu kilikuwa kimeshindwa tangu zamani. Wakatafuta jina la kujazia. Watu wao waliopita kijijini kwetu walimkuta Hermelinda kwenye mashine akimgombeza mkaguzi wa umeme, wakampenda. Kila mgombea huwa na mbadala wake, wa kushika kiti akijiuzulu au akifa. Mbadala wakamweka Don Fidencio, ambaye alikubali kwa sababu haikumgharimu chochote.

Hermelinda alijua kwamba amewekwa ashindwe. Aliniambia hivyo hivyo. "Wananipa shati la maiti, lakini kitambaa ni kizuri." Akaenda vijiji thelathini na moja. Hakuhutubia viwanjani. Alikwenda alfajiri kwenye mashine za kusaga, maana ndiko wanawake walipo, akashika ndoo za watu, akasaidia kumimina, akasema: nani hapa amefanya huduma ya mumewe? Mikono ikainuka. Nani ameandikwa? Ikashuka. Hakuwa na hotuba nyingine.

Alishinda kwa kura mia mbili na kumi na mbili. Mwanamke wa kwanza kutoka milima hii yote kuingia bungeni.

Wiki ile ile Don Fidencio alikuja nyumbani kwake na karatasi imechapwa tayari. Alivua kofia, akakataa kahawa, nikajua hakuja kwa wema.

"Mama, umefanya kazi kubwa. Umetupatia kiti. Sasa weka sahihi hapa upumzike, kiti kipate mtu wa kukikalia."

"Nitakikalia mimi, Don Fidencio. Mgongo uliochoka ni wangu."

"Tusigombane. Wazee wameniuliza, huyu mama atasimama kwa niaba ya kijiji kwa huduma ipi? Nimeangalia kitabu. Huna hata moja."

Kitabu alikiandika yeye. Mwandiko ule ni wake. Alimwona na fimbo, alimwona na koleo, nyama ya wale fahali aliila. Na alisema vile bila haya, kama anayesoma hali ya hewa. Nafikiri hata hakuwa anadanganya. Kwake kilichoandikwa ndicho kilichotokea.

Hermelinda aliichukua karatasi, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba. "Asante. Nilikuwa natafuta kitu cha hapo."

Don Fidencio alipoondoka ndipo mama akalia. Nimemjua miaka yote hii na ni siku hiyo tu nimemwona analia, na hakuwa na huzuni, alikuwa na hasira ambayo haina pa kwenda.

Akaenda mji mkuu wa jimbo. Funguo za mashine akanipa mimi.

Kwenye meza yake bungeni walikuwa wameweka kibao cha shaba: Mke wa Luna. Meza nyingine zote zilikuwa na jina la mtu. Aliandika barua kuomba kibadilishwe. Akajibiwa kwamba ombi limepokelewa. Akaandika ya pili. Ya tatu akaipeleka mwenyewe kwa fundi, na fundi, mtu mwema tu, akamwambia, "Shaba ninayo, mheshimiwa, na herufi ninazo. Sina sahihi ya mkuu wangu." Kibao chenye jina lake kililetwa wiki tatu kabla ya muhula kwisha. Anacho nyumbani. Anaegeshea mlango upepo ukiwa mkali.

Alichokitaka kule ni kimoja, na alikisema siku ya kwanza aliyoruhusiwa kusema: sheria fupi, mistari mitano, kwamba katika kila kijiji cha jimbo huduma iandikwe kwa jina la yule aliyeifanya. Basi. Hakuomba fedha. Wabunge wakampigia makofi. Mwenyekiti wa kamati akamkumbatia, akamwita "mama yetu wa milimani", akaweka karatasi yake kwenye jalada. Mwaka ukapita. Alipouliza, akaambiwa, "Mama yetu, hayo ni mambo ya mila zenu. Bunge hili linaziheshimu mno mila zenu, haliwezi kuziingilia. Kijiji kibadilishe chenyewe."

Akakaa kwenye basi saa tisa nzima, akaja kijijini, akaomba nafasi mkutanoni. Wazee wakamsikiliza. Don Fidencio akamjibu: "Doña Linda, sisi hatuna kinyongo. Lakini hili ni jambo la sheria. Jimbo likisema, sisi nani tukatae? Leta sheria."

Akarudi bungeni. "Mila, mama yetu."

Akaja kijijini. "Sheria, Doña Linda."

Alifanya safari hiyo mara tisa. Nilikuwa namfungashia tamali za njiani, zile za unga wa mahindi ndani ya maganda, na mara ya tisa nilimwambia, mama, wanakuchosha makusudi. Akasema, "Najua. Ila nikikaa watasema nilichoka mwenyewe."

Nisiseme kwamba hakupata chochote. Zahanati tunayoitumia ni yeye aliyeipigania, na muuguzi wa kukaa, na darasa la nne la shule. Zahanati ilipofunguliwa muhula wake ulikuwa umekwisha miezi miwili. Kibao cha mlangoni kina jina la gavana na la mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, Don Fidencio Arizmendi. Hermelinda siku hiyo alipika wali wa wageni.

Na mwezi uo huo Abundio akarudi.

Alishuka kwenye basi na kofia mpya na sanduku lenye magurudumu, nywele nyeupe, meno mengine ya kuwekwa. Sina ubaya naye. Ni mtu mpole, anapenda mbwa, anasalimia kila mtu. Wazee walikwenda kumpokea kwa shada la maua kwa sababu kitabuni alikuwa mtu aliyetimiza huduma tano. Jumapili wakamwita mkutanoni na kumkalisha benchi la mbele. Alikaa ukingoni, kofia magotini, kama mtu aliyepewa kiti cha mwingine kwenye basi na anangoja mwenyewe atokee.

Hermelinda naye alikwenda, kama alivyokuwa akienda miaka ishirini na miwili. Don Fidencio akamsimamisha mlangoni.

"Nyumba moja, sauti moja, Doña Linda. Mwenyewe amerudi."

"Mwenyewe wa nini?"

"Wa jina."

Alisimama pale hadi wito uliposomwa. "Luna, Abundio." Kukawa kimya, maana Abundio hakujua kwamba anatakiwa kuitika. Jirani akamgusa kiwiko. "Nipo," akasema. Hermelinda akageuka akaondoka. Mwanamke aliyekuwa bungeni hata miezi mitatu haijapita hakuwa tena na haki hata ya kusimama nyuma.

Akaja kwenye mashine akachukua funguo mkononi mwangu, akasaga ndoo zote zilizokuwepo. Kumi na saba.

Miaka kumi na minane ikapita hivyo. Mimi mume wangu alifariki katikati ya miaka hiyo, Mungu amrehemu, na kwa kuwa sikuwa na mwanamume ndani nikapewa nafasi yake mkutanoni. Ndivyo ilivyo kwetu, mke anapata sauti siku ya mazishi. Nilimwambia mama nikiona aibu. Akanishika mkono. "Nenda mwanangu. Ila usimwambie Abundio, asije akaogopa kula chakula changu."

Abundio kila Jumapili alirudi na maswali. Wazee walikuwa wanamuuliza mambo ya huduma zake. Nilimsikia mwenyewe mara nyingi, nimekaa jikoni kwao tukichambua maharage.

"Linda, mwaka ule wa sikukuu tulichinja wangapi?"

"Tulichinja?"

"Basi, mlichinja. Wangapi?"

"Kawaulize wenye kitabu."

"Linda, ile shule, mbao zilitoka wapi?"

"Kawaulize wenye kitabu, Abundio. Mwandiko wake mzuri, hutapata shida kusoma."

Naye alikuwa anakwenda kukaa na mbwa wake. Nafikiri na yeye lilimchosha benchi lile.

Mwezi uliopita ndipo watu wa Santa Rita, kijiji jirani, walipoleta madai kwamba chemchemi ni yao. Mhandisi wa jimbo akaandika kwamba atapanda Jumatatu, na kijiji kitakachomwonyesha jiwe la mpaka ndicho kitakachobaki na maji. Jiwe lile lilifukiwa mwaka wa maporomoko. Wazee waliojua mlima wamekufa. Jumapili baada ya misa mkutano ukajaa, hata walevi walikuwa wazima. Don Fidencio, macho yamepungua lakini sauti bado, akafungua kitabu, akapitisha kidole.

"Mlinzi wa maji mwaka ule, Abundio Luna. Don Abundio, simama utuambie jiwe liko wapi."

Abundio akasimama. Akaizungusha kofia mkononi.

"Liko juu."

"Juu wapi?"

"Juu kule. Kwenye... kule juu."

"Hata mbinguni ni juu, Don Abundio," mtu akasema kutoka nyuma, na wachache wakacheka, halafu wakaacha, kwa sababu maji ni maji. Nilikuwa naomba rozari mfukoni na vidole vimesimama kwenye punje moja.

Abundio aliweka kofia kwenye benchi. "Muulizeni mke wangu," akasema. "Mimi mwaka huo nilikuwa kwenye nyanya."

Neno hilo halikuwa geni. Kila mtu mle ndani alilijua, watu wazima na watoto wao. Lakini katika miaka arobaini hakuna aliyekuwa amelitamka mle ndani kwa mdomo, mbele ya kitabu.

Don Fidencio akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. Akanitazama mimi. "Doña Nazaria, tafadhali. Kamwite."

Nilimkuta anafagia chini ya mashine. Nilimweleza yote, na lile la nyanya nikamweleza mara mbili kwa sababu aliniomba nilirudie. Akanawa mikono taratibu, akavua aproni, akafunga shali. Ana miaka sabini na sita na goti la kulia halimsikii, kwa hiyo tulitembea polepole. Nilidhani ataingia moja kwa moja. Alifika mlangoni akasimama pale pale aliposimamishwa siku ile, vidole vya miguu nyuma ya kizingiti. Watu wakamwambia karibu, ingia, pita mbele. Abundio akasogea ukingoni zaidi kumwachia nafasi kwenye benchi. Hakusogea.

"Doña Linda," akasema Don Fidencio, "mhandisi anakuja kesho. Jiwe unalijua?"

"Nalijua. Nililichimbua, na nikalirudishia udongo mwenyewe lisiibiwe."

"Tunakuomba basi utuonyeshe."

Alingoja hadi kelele ziishe. Hakupaza sauti. Alisema:

"Nitawapeleka, njia naikumbuka. Ila kabla hatujapanda naomba kitabu kifunguliwe hapa mbele ya wote, na zile huduma tano ziandikwe kwa jina la aliyezifanya, Hermelinda Zurita, halafu Don Fidencio anisomee wito, nami niitike mwenyewe."